Faini ya Pongo

Nina mdomo, sikatai. Kibanda changu cha ushonaji kiko nyuma ya soko la Bukoba, na mtu akileta suruali ya kupunguza huondoka na maoni yangu juu ya chochote kilichosemwa redioni asubuhi hiyo, atake asitake. Wateja wamezoea. Wengine, nadhani, huja kwa ajili ya maoni, suruali ni kisingizio tu.

Mwaka jana jambo lililonikaa kooni lilikuwa ujangili. Ilianza na picha iliyozunguka kwenye simu: mnyama kanaswa kwa waya, mguu umevimba, macho yako wazi, bado yuko hai. Sijui ilipigwa wapi. Ilifika kwenye kundi la kwaya, ikafika kundi la wazazi wa shule, ikafika hata kundi la msiba ambalo tulisahau kulifunga baada ya mazishi. Watu walichemka. Huyu anasema wapigwe risasi hapo hapo, yule anasema wakatwe mikono, mwingine anauliza Serikali imelala wapi. Mimi niliandika: "Wafungwe mpaka wasahau njia ya kwao." Nikapata vidole gumba vingi kuliko siku yoyote niliyoandika neno la Mungu, na nilifurahi, nisiseme uongo.

Wiki hiyo hiyo vijana wa wanyamapori walipita sokoni wakibandika matangazo yenye namba ya simu ya kutolea taarifa. Wenye maduka wengine waliwakatalia, eti karatasi inachafua ukuta. Mimi nikawaambia, bandikeni hapa mlangoni kwangu, tena katikati, kila anayeingia aione.

Hasira yangu haikuwa ya kuigiza. Kwetu ni Nshamba, wilaya ya Muleba, na kama ilivyo kwa Wahaya wote, ukoo wetu una mwiko wake, kitu ambacho hatuli tangu babu wa babu. Wengine mwiko wao ni samaki fulani, wengine nyani. Wetu ni pongo, mnyama wa jamii ya swala, kwa Kihaya engabi. Nilipokuwa mdogo pongo walikuwa wanatoka asubuhi kwenye kichaka kilicho nyuma ya kibanja chetu cha kahawa na migomba, wanasimama penye mibuni ya mwisho, wekundu, na madoa meupe ubavuni kama waliorukiwa na chokaa. Baba akimwona mmoja alikuwa anavua kofia. Sisi watoto tulicheka mpaka tukakaa chini, naye anatukodolea macho, kofia mkononi, mpaka mnyama aondoke zake. Siku hizi unaweza kumaliza mwaka mzima usione hata kwato zake kwenye udongo. Kwa hiyo picha ile ya waya iliniuma kweli.

Sasa nimseme jirani yetu. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye kibanja kidogo kinachopakana na cha baba, na siku za gulio na Jumapili alichoma mishikaki pale senta ya Nshamba, karibu na maduka. Mara nyingi ilikuwa nyama ya mbuzi. Mara nyingine haikuwa mbuzi. Nshamba nzima ilijua hivyo, kuanzia mwenyekiti hadi wanakwaya, na Nshamba nzima ilikula.

Lakini alikuwa na adabu. Baba akipita pale, au mimi, au mtu yeyote wa ukoo wetu, naye ana pongo kwenye jiko, alikuwa anapunga moshi kwa kipande cha boksi na kusema, kwa neno la heshima la Kihaya, "Leo haiko vizuri, waitu." Basi. Ukishasikia hivyo unaelewa, unapita. Baba alikuwa anamshukuru. Ndiyo, anamshukuru, tena kwa kuinamisha kichwa, kwamba umetuheshimu. Hakuna hata siku moja mtu wa kwetu aliyemuuliza, huyo mnyama kafa vipi na kwa ruhusa ya nani. Tulisema pongo ni ndugu yetu, lakini undugu wenyewe ulikuwa wa kutomla tu. Wengine wakimla, tulitazama pembeni.

Na mimi, mwenye tangazo mlangoni, nilikuwa nikienda nyumbani napita kwenye jiko lile lile, naambiwa leo haiko vizuri, nasema asante. Haikunijia hata mara moja akilini kwamba yule aliyetega waya wa kwenye picha na huyu ni kitu kimoja. Jangili kichwani mwangu alikuwa mtu mwenye bunduki na gari lisilo na namba. Huyu alikuwa jirani.

Jumapili moja nilikwenda kumpelekea baba koti lake la kanisani nililokuwa nimelibadilisha bitana. Baada ya misa ya pili nikapita senta kununua kitoweo. Jirani hakuwapo jikoni, alikuwa amefuata mkaa. Alikuwepo mke wake, ambaye alikuwa hajamaliza hata mwaka pale kwetu. Alizaliwa Goziba, kisiwani, kwenye kambi za wavuvi, mahali ambapo kila mtu katoka kwao na hakuna anayemuuliza mwenzake ukoo. Kihaya alikuwa hajakishika. Alinichangamkia kwa Kiswahili: "Karibu dada, ya leo laini, utaniambia."

Sikuuliza ni nyama gani. Miaka yote hiyo kuuliza haikuwa kazi yetu. Kutuonya ndiyo ilikuwa kazi ya mumewe. Hakuna aliyenionya, basi nikajua ni mbuzi. Akanifungia kwenye jani la mgomba, nikaenda zangu.

Baba alikula vizuri kuliko nilivyomwona akila tangu mama afariki. Meno yamebaki machache, kwa hiyo huwa anatafuna upande mmoja na kulalamika. Siku hiyo hakulalamika. Alisema, "Mbuzi huyu kalelewa na mtu anayejua mbuzi." Nikacheka, nikamwongeza kipande changu.

Tulikuwa tunanawa mikono jirani alipotokea, anakuja mbio kwa njia ya migombani, kandambili moja mguuni na nyingine kaishika. Akapiga magoti pale mlangoni. "Tata, waitu, mmeshakula?"

Baba akamwonyesha jani la mgomba, tupu.

"Mawe!" Akamwita mama yake kwa Kihaya, mkono kichwani. "Nisamehe, waitu. Mke wangu ni mgeni, hajui, sikumfundisha. Ile haikuwa mbuzi. Ilikuwa engabi."

Nitasema hili, na nataka lisikike: asingekuja, tusingejua mpaka tunakufa. Nyama ilikuwa imeshaliwa, kaisifia baba mwenyewe, hakuna mfupa, hakuna ngozi. Alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Aliacha jiko lake na wateja wake akaja kupiga magoti mbele yetu, kwa sababu aliona si haki mzee abebe mwiko tumboni bila kujua.

Baba alikung'uta maji mikononi. Kisha akatoka nje, akaingiza vidole kooni, nyama ikakataa kutoka. Akasukutua kwa maji ya chumvi. Akarudi, akakaa kwenye kiti chake, uso umemshuka, lakini sauti ilikuwa ya kawaida. "Umefanya vizuri kuja," alisema. "Ungenificha ningekufa na upele wa mwiko nisijue umetoka wapi." Halafu akatoa hukumu, kama ilivyo desturi: mbuzi mmoja, kibuyu cha pombe ya ndizi, yaani lubisi, na kahawa ya kutafuna, mbele ya wazee wa ukoo. Akishaleta, ukoo umesafishwa, na yeye amesamehewa, hakuna wa kulizungumza tena. Akampa muda mpaka apate. Jirani akapiga makofi taratibu, yale ya shukrani, akasema asante mara nyingi.

Yangekwisha pale. Mimi ndiye niliyeona hayajaisha.

Nilimtukana yule mtu mpaka getini. Muuaji wewe, mla ndugu za watu wewe, umetulisha mizoga! Yeye anarudi kinyumenyume, "Nisamehe dada, nisamehe dada." Baba ananiita niache, simsikii. Kila nikimeza mate naonja ile nyama, na kilichonitia wazimu zaidi ni kwamba ilikuwa tamu. Asubuhi yake nikapanda basi la Bukoba, sijala, sijanywa chai. Nafika kibandani nafungua, uso kwa uso na tangazo langu mlangoni. Sikufungua hata dirisha. Nilipiga.

Aliyepokea alikuwa na sauti nzuri, ya mtu mwenye subira. Akaniuliza nimejuaje kwamba ni pongo. Nikasema, "Amekiri mwenyewe, mbele ya baba yangu, amepiga magoti." Akaniuliza anakaa wapi. Nikamwelekeza kama ninayemwelekeza mgeni wa harusi: ukishapita senta, njia ya kushoto, nyumba yenye mlango wa bluu, mbele kuna mchungwa. Akasema, "Mama, watu kama wewe ndio tunaowahitaji nchi hii." Nikakata simu kwa raha. Siku ile niliisimulia habari hiyo kwa kila aliyeingia, na kila aliyeingia alinipongeza.

Nimejiuliza sana tangu siku hiyo kwa nini nilipiga. Ingekuwa kwa ajili ya pongo, ningepiga miaka mingi iliyopita. Ningepiga kila nilipoambiwa leo haiko vizuri. Nilipiga kwa sababu zamu hii nyama iliingia mdomoni mwangu. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine ya kuipamba.

Watu wa wanyamapori walikwenda wakamkuta jirani anapalilia. Ndani walipata ngozi chini ya kitanda, nyama kavu juu ya mafiga, na waya za mitego nyuma ya choo. Wakamchukua. Baba alinipigia simu mchana huo, na baba si mtu wa simu.

"Nani kawaita watu hawa?"

"Mimi, Tata."

"Nilikutuma?"

"Hapana, Tata. Lakini ni jangili yule, wanyama wanaisha, wewe mwenyewe unasema..."

"Nilikuwa nimeshahukumu," alisema. Kisha nikasikia anamuuliza mtu pale karibu simu inakatwaje.

Baadaye kidogo uliitishwa mkutano wa hadhara Nshamba, na afisa mmoja wa wanyamapori akanipigia niende, nafasi yangu iko meza kuu. Nilikwenda. Nilivaa gauni la kitenge nililojishonea kwa Pasaka. Jamani, hasira niliyoikuta pale! Vijana walikuwa wameshalitupa jiko la jirani mtaroni na sasa wanataka nyumba nayo ichomwe. Mmoja anapaza sauti kwamba majangili wanyongwe. Mwingine anataka askari wenye bunduki kila kichaka. Mwingine anasema watu wapewe mbuzi wa kufuga ili waache pori. Kila anayesimama ananguruma kuliko wa kwanza, na mimi kutoka meza kuu nikaanza kuitambua midomo ile. Huyu nilimwona pale jikoni sikukuu ya Watakatifu Wote, mafuta yanamtiririka kidevuni. Yule alikuwa anaagiza ya kupeleka nyumbani. Kibibi kimoja kikanyanyuka nyuma kikasema, "Si tungeacha kununua tu?" Watu wakacheka, mkutano ukaendelea.

Halafu afisa akanisimamisha. Akasema huyu ni mama mzalendo, mfano wa kuigwa, mpigieni makofi. Wakapiga. Nami nimesimama, nimeshika mkoba, naangalia watu wa kwetu wananipigia makofi. Baba hakuja. Aliyekuja, amesimama peke yake karibu na mti wa mwisho, ni mke wa jirani. Nilitegemea anitazame kwa chuki, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, hata jibu nilikuwa nalo. Hakunitazama kwa chuki. Alikuwa ananitazama mimi, anamtazama afisa aliyenishika bega, ananitazama tena, na usoni mwake niliona kitu kama afueni. Alikuwa amegundua kwamba nafahamiana na wakubwa.

Mkutano ulipokwisha nikamuuliza afisa, kwa mzaha mzaha hivi, huyu mtu atapigwa faini gani. Akacheka. "Faini? Mama, nyara za Serikali hizo. Miaka ishirini inamhusu."

"Kwa pongo mmoja?"

"Sheria haiangalii mmoja au kumi. Na usiwe na wasiwasi, kesi imesimama vizuri. Alikiri mbele yako. Wewe ndiye shahidi wetu mkubwa."

Yesu na Maria. Nilirudi kukaa kwenye kiti ambacho walikuwa wanakikunja.

Tangu hapo kazi ikaniharibikia. Nilishona mkono wa shati la mtu ndani nje, mteja akaniuliza kama naumwa. Kwenye kundi la kwaya ikaja picha nyingine, safari hii ya tembo, watu wakawaka kama kawaida, mmoja akaandika, "Mama mzalendo mbona kimya?" Nikaizima simu nikaifunika kwa kitambaa. Nilikwenda kuungama. Padri aliniambia kutoa taarifa ya uhalifu si dhambi. Nikamwambia najua si dhambi, Padri, ndiyo maana sijui pa kuipeleka.

Nikaamua kumpelekea jirani chakula mahabusu. Nilipika ndizi na maharage, nikapanga foleni na wake za watu. Aliponiona alifurahi, maskini, akaniamkia kwa Kihaya kama tumekutana njiani. Amekonda shingo. Akala pale pale, haraka haraka, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa habari njema: "Dada, mwambie mzee asichoke kusubiri. Mke wangu anatafuta mbuzi. Kaenda hadi Goziba kwa ndugu zake."

"Mbuzi wa nini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Wa faini. Nilichelewa, ndiyo maana umekasirika ukanileta huku. Nakuelewa, dada, ningekuwa mimi ningekasirika pia. Mzee akishapokea, wewe utaondoa kesi."

Kwetu ndivyo inavyokuwa. Ng'ombe wa mtu akila migomba yako, mnapelekana ofisini, mnapatana, mlalamikaji anasema nimesamehe, kesi inafutwa, watu wanarudi pamoja. Hajawahi kuona kesi ya namna nyingine. Pale pale ndipo nilipotakiwa kumwambia. Kinywa changu hiki, ambacho hakijawahi kukosa neno, kikasema, "Nitamwambia mzee." Akanishukuru, akanirudishia bakuli, alikuwa amelifuta kwa shati.

Mke wake alikuja kwa baba Jumamosi moja mchana. Nilikuwepo, kwa sababu siku hizo nilikuwa nakwenda kila Jumamosi, nafua, nadeki, napalilia ambapo hapahitaji kupaliliwa, na baba ananijibu kwa ndiyo na hapana. Tulimwona anaingia kibanjani anavuta mbuzi jike, mzuri, mnene, kibuyu cha lubisi kichwani na kifurushi cha kahawa kiunoni. Alikuwa ameuliza watu kila kitu. Alikuwa amejifunza mpaka namna ya kupiga magoti, na salamu ya Kihaya aliyoisema pale mlangoni ilikuwa sahihi, neno kwa neno.

Baba alimtazama, akanitazama mimi. Mara ya kwanza kwa wiki nyingi kunitazama hivyo, usoni. Nikajua anachouliza: je, nipokee? Akikataa, maana yake ukoo haujasamehe, na mwanamke huyu atarudi na mbuzi wake akiamini kwamba mumewe anaozea ndani kwa sababu yetu. Akipokea, ataamini yamekwisha. Mimi nikainamisha kichwa. Sikumsaidia.

Baba akamtuma mtoto mmoja wa pale kijijini kumwita baba mdogo, maana lazima wazee wawe wawili. Wakakaa. Lubisi ikamiminwa, wakaionja. Baba akafungua kifurushi, akampa yule mwanamke punje za kahawa, akampa mdogo wake, akanipa mimi, akachukua zake. Tukatafuna wote. Ni chungu kidogo, inakausha ulimi. Kisha baba akasema kwa Kihaya, akarudia kwa Kiswahili ili aelewe, kwamba kosa limeondoka katika nyumba hii, na mume wake ni mtoto wa nyumba hii, na yeyote atakayelisema tena huyo ndiye mwenye kosa. Sauti yake ilitikisika mwishoni. Yule mwanamke akapiga makofi ya shukrani. Machozi yanamtoka na anacheka.

Halafu akanigeukia. "Haya dada," akasema, "piga."

"Nipige nini?"

"Simu. Si wewe ulipiga wakaja kumchukua? Piga uwaambie tumeshamaliza. Waambie wamrudishe."

Nikamtazama baba. Baba akatazama mlango. Baba mdogo akaweka kikombe chini. Hakuna aliyefungua kinywa kunisaidia, na kwa nini wangenisaidia? Nikatoa simu. Nilikuwa bado nimeihifadhi ile namba. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa kwa sababu alikuwa amenisogelea kabisa, goti lake linagusa langu, ili asikie.

"Mama mzalendo!" Ni yule yule mwenye sauti nzuri. "Habari za siku? Umetupatia mwingine?"

"Hapana. Ni kuhusu yule wa Nshamba. Tumekaa na familia. Amelipa faini ya ukoo. Tumemsamehe. Nataka kuondoa kesi."

Akacheka, si kwa ubaya, kama unavyomcheka mtoto. "Mama, mlalamikaji ni Jamhuri. Wewe ni shahidi tu. Ninyi mmemsamehe nini? Pongo si wenu, ni mali ya Serikali. Tarehe ikifika tutakuita, na nauli tutakurudishia."

Akaniaga vizuri. Simu ikakatika. Nje yule mbuzi alikuwa anakula maua ya marehemu mama na hakuna aliyekwenda kumfukuza. Baba alikuwa amekaa na kahawa shavuni, hatafuni, hatemi.

Mke wa jirani alifikiri kidogo. Nilisubiri alie, au anipige, na angenipiga ningemshukuru. Akaanza kukusanya vikombe vya lubisi, kimoja ndani ya kingine, kama mgeni aliyelelewa vizuri.

"Huyo hakukuelewa, dada," akasema. "Leo Jumamosi, labda ana haraka ya kwenda nyumbani. Jumatatu utapiga tena, umweleze taratibu."

Nikamwambia nitapiga.